Nyumba ya Mwisho Kwenye Mtaro

Ukitaka kujua habari za mtaa ule wa mlimani, hukuwa na haja ya kuwasumbua wambea. Ungemuuliza muuza maji. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno, lakini aliingia kila nyumba hadi ndani, maana kazi yake haikuishia mlangoni. Wateja wake wengi walikuwa wanawake na wazee ambao dumu lililojaa lingewavunja mgongo, kwa hiyo ilimbidi alibebe begani, apite sebuleni, atoke uani, amimine kwenye pipa mwenyewe. Na pipa humwambia mtu mengi. Nyumba iliyozoea madumu mawili ikitaka matano, ama kuna mgeni ama kuna mtoto mchanga. Iliyozoea matano ikishuka hadi mawili, bwana ameondoka, na kama bado hujasikia utasikia tu. Muuza maji aliyajua yote hayo kabla ya majirani, akayameza, akasukuma mkokoteni wake kwenda nyumba inayofuata.

Hakuanza maisha na mkokoteni. Ujanani alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji, mtu wa valvu kwenye pampu kubwa ya bondeni, mwenye sare ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Siku hizo mabomba ya mlimani yalitoa maji, tena kwa nguvu. Kisha pampu ikaharibika. Vipuri vyake vilitoka ng'ambo, vya ng'ambo hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni, kama alivyokuja kuwaeleza bwana mkubwa mmoja mwenye tai, zilikuwa zinakwenda kulipa deni la taifa. Wavute subira. Wakavuta subira mpaka ikawakatikia mkononi, halafu wakapunguzwa kazi wote kwa pamoja na kupewa mkono wa heri. Mabomba yakaota kutu. Koki zikang'olewa moja moja na wauza vyuma chakavu. Mkewe, ambaye nadhani alikuwa ameolewa na ile sare, akaaga kwamba anakwenda kuwasalimia wazazi wake, na salamu hizo hazijaisha mpaka leo. Yeye akanunua mkokoteni.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, deni ndilo lililompa kazi, na jambo hilo halikumpa raha hata kidogo. Maji aliyoyauza yalikuwa ya kisima cha bondeni, kisima kilicho wazi, ambacho mvua ikinyesha hupokea kila kitu kinachoteremka kutoka mlimani. Kila alipomimina kwenye nyumba yenye mtoto mdogo alisema, "Myachemshe, mama," na kila mara aliambiwa ndiyo, huku anaona kwa macho yake kwamba mkaa umebaki vumbi kwenye gunia. Watoto kadhaa wa mlimani walizikwa kwa kuhara. Maji waliyokunywa aliyapandisha yeye. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Alijilaumu mwenyewe, jioni, kwenye chumba chake cha kupanga chenye kitanda kimoja na ndoano moja ya kutundikia shati, ambamo hamkuwa na mtu wa kumwambia, acha hayo bwana, si kosa lako.

Nyumba ya mwisho kabisa, pale ambapo barabara inachoka na kugeuka njia ya miguu, ilikuwa ya mshonaji. Alikuwa mjane, bintiye wa pekee ameolewa mbali, na mapaja yake yalikuwa hayakosi kitambaa cha mtu. Alichukua madumu manne kila siku. Muuza maji alijiambia kwamba ni kwa sababu ya kazi: mshonaji hufua kitambaa kabla ya kukikata, hunyunyizia maji nguo kabla ya kupiga pasi. Ilikuwa ndiyo nyumba pekee ambayo hakufikishwa uani. Mama alimwambia amimine kwenye ndoo za jikoni, yanayobaki atayahamisha mwenyewe baadaye. Halafu alimvutia kiti, akampa chai.

Hiyo chai ndiyo iliyokuwa mshahara wake, ukiniuliza mimi. Alikaa karibu na cherehani, akapumzisha magoti, akampasha habari za bondeni. Kukiwa na kitambaa kirefu cha kukatwa, mama alimpa ncha moja aishike, yeye akishika nyingine, wakakinyoosha baina yao mezani, na mkasi ukapita polepole kuelekea mikononi mwake. Alijifunza kutotikisika. Siku nzima watu walimsemesha akiwa amesimama na mzigo begani, na mtu mmoja tu alimsemesha akiwa amekaa.

Alikuwa na neno la kumwambia. Alikuwa nalo kwa miaka. Mwanzo aliona mama bado yuko kwenye majonzi, si adabu. Kisha binti akawa anaolewa, nyumba imejaa shughuli. Kisha magoti yake yakaanza kulia akipanda mlima, akajiuliza ni nani atakayemtaka mzee wa magoti ya namna hii. Neno likawekwa kiporo, na kila siku alilipasha moto njiani akipanda, akateremka nalo vilevile.

Habari za deni zilimkuta kwenye banda la chai la chini, redio ikikoroma juu ya kabati. Msomaji habari alisema nchi yao, pamoja na nyingine maskini, imefutiwa sehemu kubwa ya madeni.

"Kwani tulikopa lini?" kinyozi aliuliza. "Mimi sikumbuki kushika hata senti."

"Wewe ulizaliwa unadaiwa," alimjibu mama wa chai. "Ulipolia mara ya kwanza, mkunga alidhani unataka ziwa. Kumbe unalilia riba."

Watu wakacheka. Muuza maji hakucheka. Alikuwa anaiwaza ile pampu.

Na kweli, haukupita muda afisa wa maji akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Alikuwa kijana mpole, na alieleza bila mbwembwe. "Ndugu zangu, hatujapewa fedha mpya. Tumeachiwa zetu. Zile tulizokuwa tunazipeleka nje kila mwaka, sasa zinabaki, na tumeahidi zitaingia kwenye maji, zahanati na shule. Hapa kwenu tunaleta pampu na bomba mpaka juu." Makofi yakapigwa. Kisha akasimama mama mmoja aliyemzika mwanawe msimu wa mvua uliopita. "Mimi nauliza tu, baba," alisema. "Kama linafutika, mbona halikufutwa mwaka jana?" Afisa alitazama viatu vyake. Muuza maji naye akatazama vyake.

Walipotafutwa vibarua wa kuchimba mtaro, yeye ndiye aliyefika wa kwanza.

"Mzee, unajichimbia kaburi lako," kinyozi alimtania.

"Afadhali nilichimbe mwenyewe. Litanitosha."

Basi akawa na kazi mbili zinazopigana. Asubuhi alisukuma mkokoteni, na jua likipanda alishika sururu kuchimba njia ya bomba litakaloufanya mkokoteni ule kuwa kuni. Na alichimba kwa moyo. Pale waliposhindwa vijana, kwenye mwamba, aliitwa yeye, maana aliukumbuka mtaro wa zamani ulikopita. Kwenye kila nyumba iliyofikiwa, fundi bomba alifunga koki na muuza maji akapoteza mlango. Walimshukuru kwa mikono miwili. "Usitupotee, mzee wetu. Pita tu utusalimie." Alipita mwanzoni. Walimpokea kwa tabasamu, wakasimama naye kizingitini, wakawa wanangoja aseme alichokuja kutaka. Alipokuwa na dumu begani hakuna aliyemuuliza haja yake. Akaacha kupita.

Hakuona uchungu mwingi, au alijiambia hivyo. Alikuwa akihesabu yaliyo mbele, nyumba zilizobaki kufika kwa mshonaji. Akikata kona ya seremala atamwambia. Mtaro ukapita kwa seremala. Ukifika kwenye nyumba ya mwalimu hatangoja zaidi, atapiga moyo konde. Kwa mwalimu nako wakamaliza siku moja tu, udongo ulikuwa laini. Alikuwa na sababu ya kupiga hodi kwenye mlango mmoja duniani, na sababu hiyo alikuwa anaifukua mwenyewe kwa sururu.

Ndipo fundi bomba alipoteremka kutoka juu siku moja, kofia mkononi, amechukia. "Yule mama wa mwisho kakataa bomba. Kasema hataki. Nyumba zote zimekubali, yeye hataki! Mzee, wewe na yeye mnajuana. Hebu kazungumze naye, nisirudishwe nyuma kwa sababu ya mtu mmoja."

Muuza maji akanawa mikono, akapanda.

Alimkuta ana kitambaa kirefu mezani, cha gauni la harusi. Mama alimpa ncha ashike, kama kawaida, akaanza kukata.

"Fundi anasema umekataa bomba."

"Nimekataa."

"Kwa nini, mama?"

"Maji ninayo. Unaniletea wewe."

Hapo damu ikampanda kichwani. Sasa mtu huyu, ambaye angelitazama pipa akakwambia nyumba ina furaha au ina ugomvi, aliutazama uso wa mama yule na kuona kitu kimoja tu, huruma. Alidhani anawekewa mlango wazi kama kikongwe anavyowekewa sahani. Na huruma humkata maini mtu aliyewahi kuvaa sare.

"Mama, usininunulie maji kwa kunionea huruma. Mimi kula nitakula. Sijashindwa."

"Nani kasema huruma?"

"Naiona. Na maji yangu haya unayajua, ni ya kisimani. Unawajua waliozikwa."

"Mimi nachemsha."

"Leo unachemsha. Ukiugua, je, uko peke yako?" Alikuwa ameanza kupaza sauti bila kujijua. "Nchi imedaiwa tangu mimi kijana. Nimefukuzwa kazi kwa deni hilo. Leo limeondoka, maji yanapanda mlima tena, halafu bomba lifike kwa kila mtu, likatike hapa kwako? Kwa ajili yangu? Watu wataniambia nini?"

Mama aliweka mkasi mezani. "Wewe mwenyewe, mzee, unataka nichukue bomba?"

"Nataka."

"Unataka kweli?"

"Kutoka moyoni."

Mama akaivuta ile ncha ya kitambaa kutoka mikononi mwake, taratibu, akaanza kukikunja ingawa mkasi ulikuwa haujafika hata nusu. "Haya," alisema. "Waambie waje."

Chai siku hiyo haikuwapo, na yeye hata hakuona. Aliteremka mlima kifua mbele. Amewaokolea mradi, amelinda heshima yake, amemtendea mama wema. Kuna wanaume ambao ilitakiwa wazaliwe pamoja na mtu wa kuwafinya sikio kila wakijisifu namna hiyo.

Kesho yake walifika kwa mshonaji na mabomba. Ndani alikuwapo bibi harusi anapimwa lile gauni, kwa hiyo fundi akamtuma muuza maji azunguke nyuma, achimbe kipande cha mwisho uani. Ndiyo mara yake ya kwanza kuuona ua ule.

Kulikuwa na mapipa ukuta mzima. Yote yamejaa hadi ukingoni. Nyuma ya mapipa kulikuwa na mabeseni yaliyojaa, na nyuma ya mabeseni sufuria kubwa za shughuli, nazo zimejaa. Aliinua kifuniko kimoja. Maji yamelala mpaka yameota ukijani pembeni, na yana ile harufu ya maji ambayo hakuna aliyeyagusa kwa muda mrefu. Akainua kingine, vilevile. Hakuhitaji kuambiwa. Mwanamke mmoja, na nguo zake, na pasi yake, na chai ya watu wawili, hamalizi hata madumu mawili kwa siku; yaliyozidi mapipa lazima alikuwa akiyamwaga kimyakimya. Angekuwa kwenye ua wa mtu mwingine yeyote angelijua hilo mwaka wa kwanza.

Aliiegemeza sururu ukutani. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha, na chini ya furaha aliona hofu, maana alikumbuka kila neno alilomwambia mama yule jana yake.

"Bibi huyu anaweka akiba kama anangoja ukame wa miaka saba," fundi alisema akimfuata nyuma, akacheka. "Saidia tumwage, bomba litapita hapa."

Wakayamwaga. Pipa baada ya pipa, maji aliyoyapandisha begani yaliteremka mlimani kwa miguu yake yenyewe, yakapita kwa mwalimu, yakapita kwa seremala. Cherehani ilikuwa inalia dirishani na haikusimama hata mara moja.

Walipomaliza, muuza maji alichungulia mlangoni, tope hadi magotini. Bibi harusi alikuwa bado yuko pale, na pini mdomoni mwa mama. "Tumemaliza," alisema. Mama akatoa pini. "Ahsanteni, mafundi," alisema, kwa heshima, kama ambavyo angemshukuru yeyote.

Alikusudia kurudi kesho. Kesho akajiuliza atapiga hodi aseme amefuata nini. Keshokutwa alikwenda hadi kona ya seremala, akageuka. Wiki zikaenda. Siku ya kufungua pampu alikuwapo, nyuma ya umati, na maji yalipotoka alilia kama wengine, machozi ya kweli. Wasichana wa mlimani waliokuwa wakichelewa shule kwa foleni ya kisimani sasa walipita mbele ya chumba chake asubuhi mapema, viatu vyeupe. Muuguzi wa zahanati alisema mvua zimekuja na vitanda vya watoto viko vitupu. Hilo lilimtoa mzigo kifuani uliomzidi dumu lolote. Alitamani kumwambia mtu. Alizungusha macho chumbani, akaliambia shati kwenye ndoano.

Kisha siku moja mama wa chai, akimpa kikombe, alisema hivi hivi, kama jambo dogo, kwamba mshonaji wa juu anahama. Binti anakuja na gari Jumamosi, na Jumamosi ni kesho.

Aliacha chai inafuka. Alipanda mlima mchana ule wa jua kali, mikono mitupu, magoti yanalia, na hakupumzika kokote. Kwenye mlango alisimama kwanza apate pumzi.

"Hodi."

"Nani?"

Kwa miaka yote jibu lilikuwa moja, alilisema kabla swali halijaisha: maji.

"Ni mimi," alisema. "Sikuleta maji."

Mlango ulifunguliwa. Ndani mlikuwa na mafurushi yamefungwa kwa mabaki ya vitambaa, na cherehani imeviringishwa shuka. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Mama alimwonyesha akae, yeye akaegemea meza.

"Nimesikia unakwenda."

"Mwanangu ananitaka tangu alipoolewa," alisema. "Kila akinisihi nilimwambia siwezi, nina mtu wa maji, nikiondoka atapanda mlima bure. Juzi kaja kaliona bomba. Kaniuliza, mama, na sasa una nani? Nikakosa jibu."

"Niliyaona mapipa."

"Najua. Nilikuwa dirishani."

"Mimi nilidhani unanionea huruma."

"Ndivyo ulivyosema."

Lile neno alilolipasha moto miaka yote lilikuwa refu, lina adabu, lina mwanzo na mwisho, na sasa hakuona hata kipande chake. "Usiende," alisema.

Sauti ya mama ilikuwa ya upole, na upole huo ulimuumiza kuliko ukali. "Nilikuuliza mara mbili siku ile, mzee. Umeshika kitambaa changu mkononi, nikakuuliza mara mbili. Sasa nimeshampa mwanangu neno langu. Wajukuu wameambiwa bibi anakuja, hawalali. Siwezi kulirudisha."

"Huwezi," alikubali. Alimjua, na alijua hawezi.

"Vikombe vyote nimefunga isipokuwa kimoja," mama alisema. "Ngoja."

Alitoka uani. Muuza maji alisikia koki ikifunguliwa na maji yakitoka, kwa nguvu, mkondo mzuri usiokatika. Mama alirudi na kikombe amekishika kwa mikono miwili. Muuza maji akakipokea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa baridi, safi, hayana harufu yoyote, na aliyanywa polepole hadi tone la mwisho, maana hakujua kikiisha atafanya nini na mikono yake.

"Ni mazuri," alisema.

"Mazuri sana," mama alijibu. "Ulisema kweli."